Vipimo vyote vilipita, barabara imekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua huwa mnakata maneno lakini hii msiikate sana jamani maana nimeivumilia muda mrefu. Kila barabara mpya ikianza kufumuka wiki hiyo hadithi ni ile ile, mkandarasi kala lami, injinia kapozwa, halafu anajitokeza mkubwa mmoja na karatasi ya maabara mkononi anasema vipimo vyote vilipita, wastani uko sawasawa, kwa hiyo lawama ziende kwa malori yanayozidisha mzigo. Wananchi wanabaki kubishana nani mwongo. Mimi nimekaa maabara za barabara miaka 19, nimeshika nyundo, nimeshika chekecheo, vidole vimeungua mara sina hesabu, na nakwambia mara nyingi hapo hakuna mwongo kabisa, karatasi kweli imepita na barabara kweli imekufa, vyote viwili kwa pamoja. Anayetuzuga sote ni wastani.

Kwa wasiojua, lile tabaka jeusi mnalopita juu yake karibu lote ni mawe. Kwenye kilo 100 za mchanganyiko kama kilo 95 ni kokoto na vumbi la mawe, lami yenyewe ile nyeusi inayonata ni kilo 5 tu hivi, ikizidi sana 6. Katikati ya mawe na lami kuna matundu madogo ya hewa na hayo matundu ndo ugomvi wetu wote. Kwenye dizaini tunalenga asilimia 4, yani kati ya 3 na 5. Yakiwa machache kuliko hapo, siku ya jua kali lami inapanuka inakosa pa kwenda, inatoka juu kama jasho na tairi za malori zinachimba mifereji miwili mnayoijua, ile gari inakuvuta ukitaka kuipita nyingine. Yakiwa mengi maji yanaingia na hewa inaingia, lami inazeeka ingali changa, inakauka, inapasuka kama ngozi ya mamba, halafu mashimo. Kwa hiyo tunacheza kwenye uchochoro wa asilimia 2 tu na huo uchochoro tunaupita na mawe ya mlimani, si vipuri vya kiwandani.

Njia ambayo wengi bado tunatumia ni ya Bruce Marshall, aliyekuwa idara ya barabara za jimbo la Mississippi kule Marekani, aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1930. Unachukua mchanganyiko wa moto kama kilo 1.2, unaweka kwenye ringi, unaupiga na nyundo ya kilo 4.5 mara 75 upande mmoja, unageuza, 75 tena. Hiyo inaitwa briketi. Unatengeneza briketi tatu kwa kila kiwango cha lami, viwango vitano vinavyopishana kwa nusu asilimia, jumla 15, unazipima, unachora grafu, unachagua kiwango cha lami kinachokupa ile 4. Baadaye Wamarekani walikuja na Superpave, njia iliyotokana na mradi wa utafiti ulioanza 1987 ukaisha 1993, huko nyundo wameiacha wana mashine inayobana huku inazungusha kwa kuinama, nzuri, inaigiza rola vizuri zaidi. Lakini tatizo ninalolisema mashine haikuliondoa.

Piga hesabu kidogo. Briketi 15 mara kilo 1.2 ni kilo 18. Kilo 18, yani ndoo moja haijai vizuri, ndo zinaamua tani elfu 40 zitakazomwagwa barabarani miezi sita baadaye. Na zile kilo 18 zenyewe zilipatikanaje? Kokoto zilioshwa, zikakaushwa kwenye oveni, zikachekechwa kwa kila saizi, zikarudishwa kwa mizani mpaka gramu. Mawe yaliyopendezeshwa kama bwana harusi. Siku ya kazi yenyewe krasha, ule mtambo wa kuvunja mawe, imehamia upande mwingine wa mwamba, nyundo za krasha zimelika, mvua imenyesha usiku, na fomula inayotumika ni ile ile ya bwana harusi.

Niwape moja niliyoiona kwa macho. Nimefika kwenye lundo la kokoto, kijana wetu wa maabara, mtoto mzuri tu mchapakazi, ana koleo na gunia anachota pale chini miguuni pa lundo. Nikamwambia mwanangu mbona unachota hapo, akanijibu mzee si ni lundo lile lile, juu nitateleza. Sasa mtu yeyote aliyewahi kumwaga kokoto anajua, yale makubwa yanabiringika yanakuja chini na madogo yanabaki juu na katikati. Kwa hiyo gunia lake lilikuwa la mawe makubwa, na maabara ikatoa ripoti kwamba kokoto zimekuwa kubwa, na plenti, kule mawe yanakochanganywa na lami, wakafungua geti la vumbi la mawe kusawazisha kosa ambalo halikuwepo. Wiki nzima tulimwaga mchanganyiko wenye vumbi jingi barabarani kwa sababu ya koleo moja! Namna ya kufanya ipo na wala haina gharama, unamwambia dereva wa shoveli akuchotee sehemu tatu nne za lundo, amwage kando, alisawazishe, ndo unachota hapo juu ya tambarare sehemu mbalimbali, halafu ukifika maabara unaligawa mafungu manne unachukua mawili yanayotazamana, unarudia mpaka libaki la kutosha. Inachukua nusu saa. Ila nani ana nusu saa wakati peva, mashine ya kutandaza lami, inasubiri.

Na vumbi hilo si jambo dogo. Tunaongelea unga unaopita chekecheo cha milimita 0.075, mwembamba kuliko unywele. Huo unajipenyeza kwenye matundu unayajaza, na pia unainywa lami kwa sababu una uso mwingi wa kupaka. Ukiongezeka asilimia moja na nusu tu briketi yako ya 4 inaweza kushuka chini ya 3. Plenti nyingi zina mifuko ya kukamata vumbi la moshi na kulirudisha ndani, sasa lile vumbi halirudi kwa mwendo mmoja, linajikusanya, halafu linaporomoka kwa mkupuo, na tipa iliyopakia wakati huo imebeba kitu kingine kabisa ingawa kwa macho ni lami nyeusi kama nyingine zote.

Kuna jiwe pia linalokunywa. Hili huwa linawapita hata mainjinia. Mawe yana vinyweleo, yanafyonza lami kidogo, na lami iliyofyonzwa haipo tena kwenye kazi ya kunatisha. Dizaini ilifanywa na mwamba unaofyonza asilimia 0.4, krasha ikahamia kwenye tabaka lililochakaa linafyonza 0.9. Nusu asilimia ya lami imeyeyuka hivi hivi. Afu ukichukua mchanganyiko ukauosha kwa kemikali kupima lami, kipimo kinasoma 5.0 safi kabisa maana kemikali inatoa karibu yote, hata ile iliyojificha ndani ya jiwe. Karatasi inasema lami ipo, barabara inasema sina. Hapo ndo mkandarasi anaitwa mwizi na siku hiyo hajaiba.

Lami yenyewe nayo ina mambo. Tunanunua ile ya 60/70, maana yake sindano yenye uzito wa gramu 100 ikiachiwa sekunde 5 kwenye nyuzi 25 izame kati ya milimita 6 na 7. Ya 61, yani milimita 6.1, imepita, ya 69 imepita, zote zinaitwa jina moja. Halafu nyuzi 25 ni joto la kivulini, barabara juani inafika 60 na zaidi, na lami mbili kutoka mafuta ghafi tofauti zinaweza kuwa mapacha kwenye 25 na kufika 60 kila mmoja kashika njia yake. Ongeza tanki lililoachwa linachemka usiku kucha mpaka nyuzi 180 kwa sababu mtu wa zamu alilala, asubuhi lami ile imeshazeeka kabla haijaona barabara.

Nisiende mbali zaidi na vyanzo maana naweza kujaza gazeti zima. Maji kwenye kokoto, joto la mchanganyiko ukiwa kwenye foleni, rola iliyochelewa, vyote vimo.

Sasa nije kwenye hesabu, hapa mnivumilie, na hapa ndo ninapowalaumu wenzangu wa kada yangu nikiwemo mwenyewe. Matundu ya hewa hatuyapimi moja kwa moja. Tunapima uzito wa briketi kwa ujazo wake, tuseme 2.400, na uzito wa mchanganyiko ule ule kama usingekuwa na hewa kabisa, tuseme 2.500, tunatoa, tunagawa kwa 2.500, tunapata asilimia 4.0. Mnaona hizo namba mbili zinavyokaribiana? Tunatoa kubwa kwa kubwa tunabaki na kidogo. Kosea 0.02 tu kila moja, chini ya asilimia moja, labda briketi haikupanguswa maji vizuri, labda hewa haikutolewa yote kwenye chupa tunayopimia ule usio na hewa, ikawa 2.380 na 2.520, jibu ni 5.6. Kosea upande mwingine, 2.420 na 2.480, jibu ni 2.4. Briketi ile ile! Kwa hiyo hata sisi wapimaji tuna mtawanyiko wetu, yani namba kurukaruka huku na huku, nao unajumlishwa na wa mawe na wa kuchota sampuli na wa rola.

Na mitawanyiko haijumlishwi kama hela. Inajumlishwa kwa vipeo, yani kama mtawanyiko wa mawe ni 4 na wa upimaji ni 3, jumla yake si 7, ni 5, kwa sababu 4 mara 4 ni 16, 3 mara 3 ni 9, 16 na 9 ni 25, na 25 ni 5 mara 5. Watu wanasikia hivo wanapumua, kumbe kuna habari mbaya ndani yake. Ukinunua mitambo mipya ya maabara ya pesa nyingi ukaufuta kabisa ule wa 3, umetoka 5 umefika 4. Ukienda kule krasha ukaupunguza ule wa 4 ukawa 2, umefika 3.6. Umepata zaidi na hujanunua mashine, umesimamia malundo tu. Lakini nimeona miradi maabara zina kiyoyozi na lundo la kokoto limemwagwa juu ya tope.

Miaka kadhaa nyuma, mradi siutaji, nilikuwa kwenye chumba ambacho karatasi ilipitishwa. Vipimo vitano vya matundu ya hewa vya kutwa nzima, briketi zilizopigwa kutokana na tipa tano: 2.1, halafu 5.9, halafu 4.6, halafu 2.8, halafu 4.6. Jumlisha ni 20, gawa kwa tano, 4.0 kamili kama imepimwa na malaika. Injinia mkazi akaangalia chini pale kwenye wastani, akasema "safi sana vijana", akagonga muhuri. Vitatu kati ya vitano vilikuwa nje ya mipaka. Mtu ana mguu mmoja wa kiatu namba 6 na mwingine namba 10, unampelekea jozi ya namba 8 na unamwambia wastani uko vizuri, haya tembea. Nami nilikaa kimya, nilikuwa mdogo, nilitaka kwenda kulala. Kipande cha ile tipa ya 2.1 kilichimbika msimu wa joto wa kwanza tu, cha 5.9 kilingoja mvua mbili.

Kuna kitu kinaitwa uhakika wa dizaini, na wananchi hawakijui ingawa wanakilipia. Kitabu cha dizaini cha 1993 cha AASHTO, chama cha maofisa wa barabara wa majimbo ya Marekani, ambacho kimetumiwa nchi nyingi sana, kinatokana na jaribio kubwa lililofanyika karibu na mji wa Ottawa jimbo la Illinois, malori yakazungushwa kuanzia 1958 mpaka 1960 juu ya vipande vya barabara mpaka vikachoka. Tabianchi moja, udongo mmoja, mawe ya pale. Waliokiandika walijua mambo hutawanyika, wakaweka kinga. Injinia akitaka uhakika wa asilimia 90 na mtawanyiko wa 0.45, kwa kipimo cha kitabu chenyewe, ambao ndo wa kawaida kwa barabara za lami, kitabu kinamfanya azidishe idadi ya malori karibu mara 3.8, yani mapito milioni 10 ya ekseli, ule mhimili wa tairi, anadizaini kama vile ni milioni 38. Hiyo ni unene wa ziada wa barabara, ni pesa ya umma kabisa, na inanunua kitu kimoja tu, nafasi ya kukosea. Nafasi yenyewe imepigiwa hesabu kwamba tutakosea kwa kiasi cha 0.45. Kazi yetu ikitawanyika mpaka 0.60, ule uhakika wa 90 umeshuka mpaka 83 hivi. Kwenye karatasi bado imeandikwa 90. Ilikuwa barabara moja kati ya kumi ndo ife kabla ya siku zake, sasa ni moja kati ya sita, na hakuna aliyeiba hata lita moja.

Malori nayakubali, sitetei. Uharibifu unapanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, ekseli ikizidishiwa asilimia 20 inaumiza barabara mara mbili. Lakini lori lenye mzigo mkubwa linapita kilomita zote kwa usawa, mbona mashimo yapo hapa na pale hayapo? Mita 200 nzima, mita 50 imekufa, mita 300 nzima, si mmeona? Hizo ni tipa. Ukipima urefu wa kipande kilichokufa mara nyingine unakuta ndo pale tipa moja ilipoishia.

Ninachotaka wabadilishe ni vitu viwili tu. Kwanza dizaini isiishie kwenye kile kilele cha grafu. Ukishapata kiwango chako cha lami, mkataba karibu wote unaruhusu plenti ipishe 0.3 juu au chini, basi piga briketi za hapo pembeni, lami imezidi 0.3 na vumbi limezidi, lami imepungua 0.3 na kokoto kubwa zimezidi, uone kama mchanganyiko bado uko hai. Nimeona dizaini zenye nguvu ya ajabu pale katikati na ukisogea hatua moja zinaanguka kama zimeteleza, na nyingine za wastani tu ambazo huzitikisi. Mi naichukua hiyo ya pili kila siku. Utaambiwa ni briketi nyingine kumi na mbili na siku tatu za kazi. Ndiyo, ni siku tatu.

Pili malipo ya mkandarasi yasifungwe kwenye wastani, yafungwe kwenye sehemu ya kazi iliyo ndani ya mipaka. Kuna nchi zinafanya hivo miaka mingi sasa, unachota sampuli kwa bahati nasibu, tipa unayochota inachaguliwa na namba si na macho ya mtu, unapiga hesabu asilimia ngapi ya kazi iko ndani, ikiwa 90 analipwa yote, ikishuka anakatwa, ikipanda anaongezwa kidogo. Mkandarasi ataanza mwenyewe kusimamia malundo yake bila kufokewa na mtu. Na hii ya bahati nasibu naisisitiza maana kila mtu wa saiti anajua tipa nzuri inavyofanana, ukimwachia mtu achague ataleta tipa nzuri, hata kama ni mtu mwaminifu, mkono unakwenda wenyewe.

Wenzangu wa maabara watakaosoma hii wataniambia mzee unatuvua nguo. Haya, basi tuvae zilizotosha, tuandike kwenye kila ripoti kipimo cha chini kabisa na cha juu kabisa kando ya wastani, ni mistari miwili tu inaongezeka.

Na nyie wa gazeti nina ombi moja. Siku nyingine yule mkubwa akija na karatasi yake na kusema wastani uko sawa, mwandishi wenu asipige picha ya ukurasa wa mbele wenye muhuri. Amwombe aigeuze. Vipimo vyenyewe kimoja kimoja huwa vinaandikwa nyuma, kwa kalamu, na mara nyingi kwa mwandiko wa kijana aliyekuwa anataka kwenda kulala.

Wenu,
Fundi sanifu wa maabara ya barabara
(jina langu mnalo, msilichape)